Bahati ya Wachina Nusura Imzike Kogo

Siku hizi nikipita soko la Roret navuta kofia mpaka kwenye nyusi, na watu wanadhani ni baridi. Si baridi, ni aibu, tena aibu ya kujitakia, kwa maana hakuna aliyenishika mkono akanilazimisha. Mimi mwenyewe, mtu mzima, mama wa watoto watatu na mweka hazina wa akina mama kanisani, nilisimama pale nikitabasamu huku gari yangu ikifanyiwa mambo mtakayoyasikia. Kama mmeshasimuliwa na wifi yangu Sally, sahauni ya Sally. Sally huongeza chumvi, na kisa hiki kina chumvi yake ya kutosha.

Gari yenyewe niliita mpya, ingawa ilikuwa imefanya kazi Japani mpaka ikastaafu. Nilinunua ya kubebea mboga na mayai, kwa sababu nauzia kambi ya Wachina wanaojenga barabara upande wa Litein, na nilikuwa nimechoka kupanda bodaboda nikiwa nimepakata trei za mayai (ukianguka na mayai hakuna anayekuhurumia wewe, wote wanakimbilia kuona yaliyopona). Leseni nilikuwa nayo. Uzoefu ndio ulikuwa bado.

Kila mtu alifurahi isipokuwa mama mkwe wangu, ambaye nyumbani sote tunamwita Kogo, yaani nyanya. Jumapili moja baada ya ibada, mbele ya akina mama wote, mmoja alimwuliza kwa utani atapelekwa wapi kwanza na gari ya mkaza mwanawe, naye akajibu bila kushusha sauti, "Mimi kuingia kwa hiyo kari? Siku mtaniona ndani yake, mjue nimekufa." Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mimi pia nilicheka, lakini kwa meno tu.

Haukupita muda Kogo akashikwa na kichomi, akalazwa Kericho. Ijumaa daktari akasema anaweza kwenda nyumbani. Jirani aliyekuwa amekubali kumchukua gari lake likagoma kuwaka asubuhi hiyo hiyo, mume wangu, Baba Faith, alikuwa zamu kwenye kiwanda cha majani chai, basi nikasema nitaenda mimi. Nilisema haraka, kabla moyo haujanikataza. Kusema ukweli nilikuwa nataka kitu kimoja tu: nimfikishe Kogo mlangoni kwake salama, ashuke, na aseme, hata kwa sauti ya chini, kwamba nimefanya vizuri. Miaka kumi na moja ya ndoa, na neno hilo lilikuwa halijawahi kutoka kinywani mwake likielekea kwangu.

Nilipitia kambini kwanza kushusha mayai, na hapo ndipo nilipokosea.

Bwana Wang, mpishi wao, ni mtu mzuri sana. Hunipunja siku nyingine kwa kabichi, lakini hunipunja akicheka. Aliposikia injini akatoka jikoni na aproni yake, akaizunguka gari, akapiga makofi, halafu akafika nyuma akaona namba. Namba ya gari yangu ina nne mbili zimefuatana. Bwana Wang akashika kichwa.

"Mama Kabichi! Nne, nne! Mbaya sana!"

Akanieleza, kwa Kiswahili chake alichookota kwa vibarua na kwa mikono yote miwili, kwamba kwao nne ni namba ya msiba, na gari ikiwa na nne mbili lazima iongezewe bahati maradufu. Kwao gari mpya haitoki hivi hivi tu kama ng'ombe aliyefunguliwa kamba. Inafungwa nyekundu, kwa sababu nyekundu ndiyo furaha na ndiyo inayofukuza mabaya, na inalipuliwa fataki ili nuksi yoyote iliyojificha chini ya magurudumu ikimbie. Nikamwuliza, maana mimi ni mtu wa kanisa, "Bwana Wang, hii si uganga?" Akacheka mpaka macho yakafungika. "Hapana ganga! Furaha! Kama wewe nasema safari njema!"

Basi wenzake wakatoka, wahandisi wazima na kofia zao za plastiki. Fataki hawakuthubutu (polisi wangefika wakidhani benki imevamiwa), kwa hiyo wakapuliza baluni nyekundu, wakazipanga chini ya magurudumu, nami nikaambiwa nipite juu yake. Pah! Pah! Pah! Walishangilia kama nimeshinda mbio. Bwana Wang akaweka matufaha juu ya dashibodi, kwamba ndiyo amani, akanyunyizia boneti maji yenye majani fulani, kisha akaleta robota ya kitambaa chekundu kinachong'aa. Akafunga vioo vya pembeni. Akafunga vishikio vya milango yote. Akafunga waipa ya nyuma. Mbele kwenye boneti akaweka ua kubwa la kitambaa hicho hicho, katikati limebandikwa karatasi ya dhahabu yenye maandishi yao.

Najua mnachotaka kuniuliza. Kwani sikujua kwetu gari iliyofungwa vitambaa vyekundu inabeba nini? Nilijua! Nani asiyejua? Kila Ijumaa tunayaona yakitoka mochari, taa zimewashwa, kitambaa chekundu kwa kioo, na mtoto mdogo kabisa anajua ni kusimama kando na kunyamaza. Lakini nililitazama lile ua na dhahabu yake nikajiambia, hapana, hii hata kipofu ataona ni sherehe. Nikapanga pia kwamba nikikata kona nitavifungua vyote. Bwana Wang akaniambia, kana kwamba amenisoma, "Usitoa na mkono. Ngoja anguka yenyewe. Ukitoa, bahati natoka." Nikakata kona. Nikapunguza mwendo. Halafu nikamfikiria Kogo na kifua chake na maneno yake ya kanisani, na mimi na breki zangu za kujifunzia, nikaona kwamba mtu anayeenda kumbeba mama mkwe kama huyo haachi bahati ya aina yoyote barabarani. Nikaongeza mwendo, vitambaa vikapepea.

Hospitalini askari wa getini alikuja dirishani, akaangalia vitambaa, akaniangalia mimi. "Pole sana mama," akasema. Nikajua anasikitika kwa sababu nina mgonjwa. Nikampa tabasamu kubwa, nikamjibu, "Asante, lakini sisi tumefurahi, leo tunamchukua!" Akarudi nyuma hatua mbili. Tulipotoka alifungua geti lote, akavua kofia, akaishika kifuani, nikasema moyoni, hospitali hii ina askari wenye adabu.

Kogo alitolewa na nesi kwa kiti cha magurudumu. Ana mtoto wa jicho, vitu anaviona kwa rangi tu.

"Hii nyekundu ni ya nini?"

"Ni mapambo, Kogo. Ya kukukaribisha."

"Hm," akasema. Kogo akisema "hm" huwezi kujua umepita au umeanguka. Tukamwingiza mbele, nikalaza kiti kwa sababu kifua kilikuwa bado kinamuuma akikaa wima, nikamfunika blanketi lake jeupe. Yeye mwenyewe akalivuta mpaka likafunika uso. "Wacha hivyo," akasema kutoka ndani, "sitaki kuona vile unaendesha." Hatujatoka mjini, dawa zikamchukua, akalala fofofo.

Basi hebu itazameni hiyo gari jinsi watu walivyoiona, kwa sababu mimi nilikuwa ndani sikuiona. Ni Ijumaa. Imetoka hospitali. Ina vitambaa vyekundu kila mahali, na mtu amelala mbele amefunikwa shuka nyeupe gubigubi. Kisha mvua ya mchana ikashuka, mnaijua ya kwetu haikosi, ikang'oa ile karatasi ya dhahabu na lile ua likalala juu ya boneti kama shada. Nikatafuta swichi ya waipa nikawasha taa kubwa kabla ya kuipata. Nikatafuta ya kuzima taa kubwa nikawasha zile za kupepesa. Nikaogopa kugusa tena, nikaziacha zote. Na mwendo wangu ulikuwa wa bibi harusi, kwa sababu mvua, ukungu, na mama mkwe.

Nilipoangalia kioo nikaona magari yamejipanga nyuma yangu. Hakuna aliyepiga honi, hata gari za abiria ambazo kwa kawaida zingenipita mpaka upande wa kushoto. Waliokuja mbele walisogea kando wakasimama. Watu wakasimama kwa milango ya maduka. Mzee mmoja aliyekuwa akiswaga ng'ombe alivua kofia kwenye mvua ile yote! Nami, mnisamehe, nikaona machozi yananijia. Nikajua wamemwona mwanamke, dereva mgeni, anayejitahidi, wakaamua kumheshimu. Nikasema, "Bwana Wang, Mungu akubariki, nyekundu yako inafanya kazi."

Litein vijana wa bodaboda wakaanza kunisindikiza, kwanza wawili, halafu kundi zima, taa zimewashwa, wanapiga honi na kuwafukuza watu barabarani. Nikawapungia mkono. Mmoja akanipungia pia, uso umejaa huzuni, nikadhani ni mvua.

Simu yangu ilikuwa ndani ya mkoba, na mkoba ulikuwa chini ya miguu ya Kogo. Ililia, ikanyamaza, ikalia tena, bila kupumzika, kuanzia Litein mpaka Roret. Sikuthubutu kuachilia usukani. Nilidhani ni watu wananipongeza. (Baadaye nilikuja kujua kwamba Mama Sharon, anayeuza nyanya soko la Litein, aliipiga gari yetu picha akaitupa kwa kundi la WhatsApp la kanisa, na chini yake mtu akaandika: *Si alisema siku tutamwona ndani yake tujue.* Baada ya hapo nani angebisha?)

Tukakunja kuingia njia ya nyumbani. Wachuma majani walikuwa wamesimama na vikapu mgongoni, hakuna aliyekuwa anachuma. Nikaona moshi mwingi kwetu. Nikaona viti vya kanisa vimepangwa uani. Nikaona akina mama na vitambaa vyao vya kichwa, na katikati Sally, akiwa ameshikwa na watu wawili. Halafu nikasikia kilio.

Ndugu zangu! Hakuna lingine lililonijia isipokuwa kwamba Baba Faith amekufa kiwandani, na ile simu yote ilikuwa ni ya kunitafuta. Nikakumbuka asubuhi tuliagana vibaya kwa ajili ya soksi. Nikafungua mdomo nikalia, "Uuuwi! Uuuwi!" nikiwa bado nimeshika usukani, gari ikiwa bado inakwenda.

Na hapo chini ya blanketi, Kogo akaamka. Hakuuliza kitu. Alitupa blanketi pembeni, akainuka wima, akashika kichwa kwa mikono miwili, akapiga ukemi ambao sikujua kifua kile kinaweza: "Uuuuwi! Ooi, mtoto wangu!"

Mnaweza kufikiria? Dereva analia, maiti analia, na waombolezaji wanakuja mbio wakilia. Mama mmoja wa kwanza kufika dirishani akamwona Kogo amekaa, mdomo wazi, akakata kilio katikati. Akageuka. Sijawahi kuona akina mama wa kanisa wakikimbia hivyo. Viti vilianguka, sufuria ya chai ikapigwa teke, wale vijana wa bodaboda waliotusindikiza kwa heshima wakageuza pikipiki zao mahali pasipogeuzika, na wengine walipotelea ndani ya majani chai tukabaki kuona vichwa tu. Sally alibaki kwa sababu waliomshika walikuwa wamemwachilia ghafla akakaa chini matopeni. Kuona watu wanakimbia nami nikaogopa, nikataka kusimamisha gari, nikakanyaga mafuta. Tukaruka mtaro mdogo tukaingia shambani kwa Kogo mwenyewe, tukalala juu ya majani yake aliyoyapanda na marehemu mume wake. Gari ikazima. Waipa tu ndizo zikaendelea.

Sally ndiye aliyefika kwanza, matope mpaka kiunoni. Hakumwangalia hata mama yake. Alinishika nguo shingoni kupitia dirishani.

"Mama Faith, wewe ni mtu wa aina gani? Unamfunga mama vitambaa akiwa hai? Ulikuwa unangoja tu, si ndiyo?"

Watu walikuwa wameanza kurudi, mmoja mmoja, na wote walisikia. Nilijaribu kueleza. Nikasema Wachina. Nikasema nne mbili. Nikasema baluni. Kadiri nilivyoeleza ndivyo ilivyozidi kunuka, na nikaona macho ya akina mama niliowawekea pesa zao miaka yote yakinitazama kama mtu aliyekamatwa na kuku wa jirani. Nilitamani Kogo aseme neno, na niliogopa atakalosema.

Baba Faith akatokea akikimbia kutoka njia ya kiwandani, wenzake wakimfuata, gambuti moja mguuni, nyingine sijui aliiacha wapi. Akatuona sote wawili tumekaa. Akashika boneti akalia kwa sauti, mwanaume mzima, mbele ya wafanyakazi wenzake, na mimi nikalia tena kwa kumwona yuko hai.

Kogo alingoja tunyamaze. "Nani amekufa?" akauliza.

Mama mmoja, kwa aibu, akasema, "Ni wewe, Kogo."

"Mimi?" Akajishika mkono, akajifinya. Kisha akanigeukia. "Na hii nyekundu, huyo Mchina alisema ni ya nini?"

"Ya kufika salama, Kogo."

Akafikiri. Akaangalia nyumba yake, hata kama aliona rangi tu. "Si nimefika?" akawauliza watu. "Sally, achilia nguo ya mwenzako. Na nyinyi, nanusa mmepika. Mtanipa chai ama mpaka nife?"

Basi watu wakacheka, wakainua viti, chapati zilizokuwa za matanga zikaliwa, na vijana wa bodaboda wakasukuma gari kutoka shambani (nikawanunulia soda wote, haki yao). Sally alikata vitambaa na kisu cha kukatia nyasi za ng'ombe, maana mafundo yalikuwa yameloa hayafunguki. Jumatatu Bwana Wang aliponiuliza kama vilianguka vyenyewe, nikasema ndiyo, kwa kelele kidogo. Akafurahi sana.

Lakini kabla watu hawajaondoka, nilimpelekea Kogo kikombe cha pili. Nikapiga magoti nikamwambia nisamehe, nimekuaibisha mbele ya kijiji chote. Alikunywa kwanza.

"Niliamka nikasikia wewe unalia," akasema. "Sikujua ni nani amekufa. Sikungoja kujua. Wewe ulikuwa unalia, basi nikalia."

Akanirudishia kikombe akaniambia sukari ni kidogo. Hakusema nimefanya vizuri, na sikumbuki kama nililingojea tena neno hilo. Niliingia jikoni nikasimama na kikombe mkononi mpaka Faith akaniuliza kama nimelia, nikamwambia ni moshi.

Sasa kila Jumapili nampeleka kanisani. Anakaa nyuma, wima, kwa sababu mbele anasema ni mahali pa maiti, na dirisha lazima liwe wazi, mvua isiwe mvua. Tukifika sokoni ananigonga bega nipunguze mwendo, anatoa kichwa nje na kuwasalimia kwa sauti kubwa, "Chamgei! Ni mimi! Niko!" Na soko lote linajibu, na mimi nashusha kofia. Mwenye kunitakia heri na aniombee tu, au aninunulie tangi la mafuta. Kitambaa chekundu, hata kile cha kufutia vumbi, hakitagusa gari yangu tena. Juzi dukani kilikuwa kimebaki hicho peke yake, nikarudi nyumbani nikafuta gari na sweta ya Baba Faith.